Fumbo la Tanuri: Alkemia, Wafua Chuma wa Mbeere na Neno ‘Uchawi’

Mwanafunzi mmoja wa shule ya upili kule Embu ameniletea swali ambalo limenikosesha usingizi. Anaandika: “Shikamoo Mwalimu. Darasani tumefundishwa kwamba kemia ilizaliwa na alkemia, na kwamba alkemia ilikuwa uchawi wa Wazungu wa kale. Sasa babu yangu ni Mmbeere, na husema ukoo wao ulikuwa wa wafua chuma na watu waliwaogopa sana. Je, nao walikuwa wachawi? Na kama hawakuwa wachawi, tuwaite nani?”

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili, lakini yote yanashikana mkia. La kwanza linahusu maandishi ya kale ya Ulaya, la pili linahusu maarifa ya wazee wako ambayo hayakuandikwa. Nitajaribu kuonyesha kwamba kosa liko kwenye usomaji wetu, wala si kwenye tanuri. Tumezoea kulitupia neno “uchawi” kila jambo tusilolielewa, na neno hilo limetugharimu zaidi ya tunavyodhani.

Neno lililonyolewa

Tuanze na neno lenyewe, maana safu hii ni ya lugha. Kiswahili sanifu kinasema “kemia.” Neno hili halikutufikia moja kwa moja kutoka Arabuni kama “kitabu” au “dawa.” Lilizunguka kwanza. Waarabu walisema al-kimiya. Wasomi wa Ulaya waliokuwa wakitafsiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini wakalichukua jinsi lilivyo, pamoja na kile kiambishi “al-”. Mojawapo ya tafsiri za mwanzo kabisa inahusishwa na Robert wa Chester, mwaka 1144. Karne zilipopita, Wazungu walikata “al-” ili kutenganisha taaluma mpya na ile ya zamani. Sisi tukalipokea likiwa limeshanyolewa. Ndugu zake wawili watatu, yaani aljebra, alkali na alkoholi, bado wana nywele zao.

Na kabla ya Waarabu? Wataalamu hubishana. Wako wanaolihusisha na Kigiriki, katika maneno ya kuyeyusha na kumimina metali. Wako wanaolihusisha na jina la kale la Misri, “nchi nyeusi.” Lisilo na ubishi ni hili: mmoja wa waandishi wa mwanzo kabisa wa alkemia tunaowajua kwa jina, Zosimos, alikuwa mtu wa Panopoli, mji wa Misri ambao leo huitwa Akhmim, na aliandika yapata mwaka 300. Kwa hivyo, mwanangu, kusema alkemia ni “ya Wazungu wa kale” ni kuanza hadithi katikati. Ilianzia hapa hapa barani, ikapitia Kigiriki, ikapitia Kiarabu, ndipo ikafika Ulaya.

Isitoshe, Kiswahili chetu kilikuwa na msamiati wa tanuri hili zamani sana. Tunasema “zebaki,” neno la Kiarabu. Tunasema “kibiriti,” ambalo leo mtoto wa Runyenjes analijua kama kile kisanduku cha njiti, kumbe maana yake ya kwanza ni lile jiwe la manjano linalowaka na kunuka, ambalo vitabu vya shule sasa huliita salfa. Katika nadharia inayohusishwa na Jabir ibn Hayyan, metali zote huzaliwa na kibiriti na zebaki vikiungana katika tumbo la ardhi. Tulipoweka “salfa” mahali pa “kibiriti” tulipata usahihi wa maabara, lakini tulipoteza uzi uliotuunganisha na historia hiyo. Sisemi turudi nyuma. Nasema kamusi na mwalimu wautaje uzi huo.

Kilichomo ndani ya mswada

Sasa tufungue mswada wenyewe. Mkusanyo wa kialkemia wa karne ya 15 kwa kawaida haukuwa kitabu kimoja cha mwandishi mmoja. Ulikuwa kama kikapu cha mama anayetoka sokoni: humo mna mapishi ya kugeuza metali, barua, mashairi, michoro ya matanuri na chupa, orodha ya majina ya vitu, na mara nyingine dawa ya jino. Mikono kadhaa inaweza kuonekana katika kurasa zake. Ukurasa huu Kilatini, unaofuata Kiingereza au Kijerumani. Kila mwenye mswada aliongeza lake pembeni, akakosoa la mwenzake, akanakili la tatu.

Mapishi mengi huanza kwa amri. Kilatini husema recipe, yaani “chukua.” Chukua zebaki kiasi hiki, chukua chumvi kiasi kile, weka juu ya moto mpole siku kadhaa. Ukiyasoma unagundua kwamba mwandishi ni mtu wa kazi. Anajua moto mkali na moto mpole. Anajua chombo kikizibwa vibaya kitapasuka. Anajua kupika kitu kioevu, kunasa mvuke wake na kuupoza uwe maji tena. Ufundi huo hata wapishi wa chang’aa wa vijijini mwetu wanaujua bila kusoma Kilatini, ingawa hapo nisieleweke kwamba nawapigia debe.

Hadi hapo hamna uchawi wowote. Basi neno hilo liliingiaje? Liliingia kupitia mtindo wa kuandika.

Kitendawili kisichopokea mji

Waandishi hawa hawakutaja vitu kwa majina yake. Walisema simba wa kijani anayelimeza jua. Walisema chura, joka, kunguru, mfalme na malkia wanaooana kisha wakafa. Msomaji alitakiwa ajue kwamba mfalme na malkia ni kibiriti na zebaki, na kwamba weusi wa kunguru ni rangi ya mchanganyiko unapooza chomboni. Simba wa kijani aliwasumbua hata wao wenyewe, maana kila mwandishi alikuwa na simba wake.

Mswahili hawezi kushangazwa na fumbo. Tumelelewa na vitendawili, na washairi wetu wa pwani walijibizana kwa mafumbo hadi yule aliyelengwa akajijua peke yake katikati ya umati. Lakini ipo tofauti, na hapa ndipo ninapowakosoa waandishi wa alkemia. Kitendawili chetu kina adabu yake. Mtu husema “kitendawili,” wenzake hujibu “tega.” Wakishindwa, anadai mji, wanampa mji, kisha anatoa jibu. Yaani mwenye fumbo ana deni. Kufumba ni njia ya kufundisha, na mchezo haujaisha mpaka jibu litolewe mbele ya watu wote. Mwandishi wa alkemia anatega, anapokea mji, halafu anatega tena! Ukimuuliza simba ni nani anakuambia ni joka. Ukimuuliza joka ni nani anakuambia mwenye hekima ataelewa.

Walikuwa na sababu zao. Sababu moja ilikuwa woga: Papa Yohane wa 22 aliwashutumu wanaalkemia mwaka 1317, na Uingereza ikapitisha sheria mwaka 1404 iliyofanya “kuzidisha” dhahabu au fedha kuwa kosa kubwa la jinai. Sababu nyingine ilikuwa biashara: fundi asiyeficha siri yake hupoteza mteja. Ya tatu ilikuwa imani, kwamba maarifa haya ni zawadi ya Mungu na hayafai kutupwa mbele ya kila mpita njia. Sababu hizo tatu, yaani woga, kipato na heshima, mzikumbuke. Tutakutana nazo tena tukivuka kwenda Mbeere.

Majina ya kuazima

Kuna jambo jingine linalomtatiza msomaji, nalo ni uandishi wenyewe. Vitabu vingi katika mikusanyo hii vimebandikwa majina ya watu ambao hawakuviandika. Ramon Llull, msomi wa Majorca, aliishuku alkemia maishani mwake, lakini baada ya kifo chake akabebeshwa maktaba nzima ya vitabu vya alkemia. Jabir naye, kitabu maarufu cha Kilatini chenye jina lake kiliandikwa Ulaya miaka mia kadhaa baada ya wakati anaosemekana kuishi. Tusiharakishe kuita hili wizi. Ni kinyume cha wizi: mwandishi anatoa kazi yake na kumpa mkubwa ili isikike. Hata hivyo linamharibia kazi mwanahistoria.

Wapo waliojitaja, lakini kwa kujificha. Thomas Norton wa Bristol alianza utenzi wake wa Kiingereza kuhusu alkemia mwaka 1477, na hakuandika jina lake kwenye jalada. Lakini ukichukua herufi na silabi za mwanzo wa dibaji na za sura zake ukaziunganisha, jina lake na mji wake vinajitokeza. Mwenzake, kasisi George Ripley wa Bridlington, aliandika mwaka 1471 utenzi wa “malango” kumi na mawili, kila lango hatua moja ya kazi. Hapa lazima tuwape heshima yao. Kuweka maarifa ya kazi ndani ya shairi ni jambo tunalolielewa vizuri: vina na mizani hulinda maneno yasipotee kichwani. Washairi wa tenzi zetu nao hujitaja katika beti za mwisho, wengine waziwazi, wengine kwa mafumbo. Kama kuna mahali ambapo msomaji wa Kiswahili anaweza kuisoma alkemia vizuri kuliko Mwingereza wa leo, ni hapa. Yeye ameshasahau kwamba shairi laweza kuwa kitabu cha sayansi. Sisi hatujasahau.

Wash wash wa karne ya 14

Tusiwafanye malaika, lakini. Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alisimulia kuhusu tapeli wa alkemia aliyemwonyesha kasisi mmoja makaa “yanayozaa” fedha. Kumbe kaa lilikuwa limetobolewa, likatiwa unga wa fedha na kuzibwa kwa nta. Moto uliyeyusha nta, fedha ikadondoka, kasisi akatoa pauni arobaini kununua siri. Mkenya yeyote akisoma hapo atacheka kwa uchungu, kwa sababu jamaa hawa tunao na tumeshawapa jina: wash wash. Wanakuonyesha sanduku la karatasi nyeusi, wanaapa ni dola zilizopakwa rangi, wanachohitaji ni hela zako kidogo tu za kununua dawa ya kuziosha. Sheria ya 1404 iliwaita watu wa aina hii wazidishaji, nasi husema wanazidisha pesa. Lugha mbili zilizoachana kwa miaka 600 zimekutana kwenye kitenzi kimoja.

Somo ni kwamba mswada wa kialkemia ulikuwa na watu wawili waliozungumza lugha moja: fundi na tapeli. Fumbo lile lile lililomlinda fundi dhidi ya polisi lilimlinda tapeli dhidi ya maswali. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya maandishi ya kuficha. Robert Boyle aliiona mwaka 1661 katika kitabu chake cha kuwashuku wanakemia, ambamo aliwalaumu kwa kuandika kwa giza. Na bado Boyle huyo huyo aliendelea kutafuta siri ya kugeuza metali, na inasemwa alikuwa nyuma ya kufutwa kwa ile sheria ya 1404 mwaka 1689. Isaac Newton naye aliacha maandishi ya alkemia ya takriban maneno milioni moja, yaliyotawanywa kwa mnada London mwaka 1936. Hakuna mtu anayesema Newton alikuwa mchawi. Husemwa kwamba alikuwa “mtafiti wa zama zake.”

Kuvuka hadi Mbeere

Sasa tuje nyumbani. Mbeere ya leo watu huijua kwa mabwawa ya umeme ya Mto Tana, kwa jua na kwa muguka. Ni wachache wanaojua kwamba ilikuwa nchi ya chuma. Jean Brown aliandika makala kuhusu ufuaji chuma wa Mbeere kusini katika jarida la Mila la Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na baadaye akachapisha kitabu kizima kuhusu ufuaji wa metali wa kienyeji nchini Kenya. Upande wa pili wa mlima, Jomo Kenyatta alieleza mwaka 1938, katika kitabu kilichofasiriwa baadaye kwa Kiswahili kama Naushangilia Mlima wa Kenya, jinsi Wakikuyu walivyookota mchanga wenye chuma mitoni, wakauosha, wakaukausha na kuupeleka tanurini kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi.

Hebu tuitazame kazi hiyo kwa jicho la kemia. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la udongo halifiki kwa urahisi. Fundi hakuhitaji kufika huko. Makaa yakiungua kwa hewa chache hutoa gesi inayopokonya mtapo oksijeni yake. Mchanga na udongo huyeyuka na kutiririka kama kile ambacho Kiswahili hukiita bila haya “mavi ya chuma,” na chuma hubaki kama donge lenye matundu. Donge hilo hupashwa moto tena na kupondwa juu ya fuawe mpaka uchafu utoke. Hewa ikizidi, makaa yanakwisha bure. Ikipungua, mtapo unabaki mtapo. Vipimo vyote hivyo vilikuwa kwenye sikio la mtu aliyesikiliza mlio wa mvukuto na kwenye jicho lililosoma rangi ya moto.

Wenye kazi hiyo, ambao Wakikuyu na majirani zao huwaita aturi, waliogopwa. Kenyatta anaeleza jinsi laana ya mfua chuma ilivyotisha. Sehemu nyingi za Afrika tanuri lilichukuliwa kuwa tumbo la mama, kazi ikazungushiwa miiko, na hapa na pale tanuri lenyewe likafinyangiwa matiti, kama Eugenia Herbert alivyoonyesha katika kitabu chake cha 1993 kuhusu chuma, jinsia na mamlaka. Tumbo la ardhi, ndoa, kuzaliwa: si ndiyo picha zile zile za mfalme na malkia katika miswada ya Ulaya? Na sababu za kuficha si ndizo zile tatu, woga, kipato na heshima?

Tofauti iko kwenye matokeo. Mwanaalkemia alitafuta dhahabu na hakuipata kamwe. Mfua chuma alitafuta jembe, akalipata, akalipeleka sokoni. Jembe halidanganyi. Likipinda shambani siku ya kwanza, aliyelifua amejulikana kijiji kizima. Lakini maktaba za dunia zimehifadhi kwa heshima maandishi ya yule aliyeshindwa, na aliyefaulu tumemwachia neno “uchawi.”

Nani aliyemwita mchawi?

Hapa ndipo ukosoaji wangu unapowalenga waandishi waliotuandika. G. St. J. Orde Browne, afisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi upande wa Embu na Chuka, alichapisha mwaka 1925 kitabu alichokiita, kwa tafsiri yangu, Makabila ya Kenya Yanayotoweka. Kina habari ambazo huzipati kwingine, na mtafiti wa leo hawezi kukiruka. Lakini kichwa chake kimekula chumvi ya bure. Miaka mia moja imepita: Chuka ina chuo kikuu, Embu ina chuo kikuu, na hao waliokuwa wanatoweka wananiandikia barua. Kilichotoweka ni maarifa fulani, na kuna tofauti kubwa kati ya watu kutoweka na maarifa kutoweka. Mwaka huo huo wa 1925 ndio iliyoanza kutumika Sheria ya Uchawi ya Kenya. Sheria hiyo haikuwalenga wafua chuma. Lakini ilikuja kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina maneno ya kutosha kuwatenga watu wa miiko wa nchi hii.

Angalia Kimeru. Mũga ni mtu wa kutibu na kuondoa madhara, mũrogi ni mtu wa kuyatia. Kiswahili kinatenga vivyo hivyo: mganga si mchawi, na kitenzi “kuroga” ni ndugu wa damu wa mũrogi. Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, alilijua hilo, na ndani ya kitabu chake cha 1993 anayatenga makundi hayo kwa uangalifu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kwenye jalada amewaweka wote ndani ya neno moja la Kiingereza lenye harufu ya uchawi. Msomaji wa haraka, na wengi wetu tuko hivyo, huondoka na jalada.

Anayenifurahisha zaidi ni H. S. K. Mwaniki. Mwaka 1974 alitoa mkusanyo wa masimulizi ya kihistoria ya Embu, baada ya kitabu chake cha mwaka uliotangulia kuhusu historia ya Embu na Mbeere hadi 1906. Aliwaacha wazee waseme. Kazi kama hiyo ndiyo jirani wa karibu zaidi tulio naye wa ile miswada ya alkemia: sauti nyingi, mikono mingi, mzee huyu akimkosoa yule, kila mmoja akitaja alichorithi na kuficha asichotaka kusema. Tuisome kama tunavyosoma mswada, kwa kuuliza kila mara nani anasema, anamficha nani, na kwa nini.

Siri iliyokufa na mwenyewe

Nisiwaonee Wazungu peke yao. Sisi nasi tuna deni. Kuna maandishi mengi siku hizi yanayousifu usiri wa wahenga kana kwamba kuficha ni hekima tosha. Sikubali. Chuma cha kigeni kilipoanza kufika kwa wingi baada ya reli, bei ilianguka, na matanuri yakapoa moja baada ya jingine. Fundi aliyekuwa na siri hakuwa tena na sababu ya kiuchumi ya kuirithisha, na siri isiyorithishwa hufa na mwenyewe. Fumbo la mwanaalkemia, kwa kero yake yote, liliandikwa. Mtu wa leo anaweza kulichukua, kuwasha moto maabarani na kuuliza: simba huyu ni nani? Wanahistoria wa sayansi wamefanya hivyo na kugundua kwamba baadhi ya mapishi yanafanya kazi kweli kweli. Fumbo la aturi halina ukurasa.

Lakini si lazima liwe limekwisha. Kule Kagera, Tanzania, wazee Wahaya waliojua kazi hiyo ujanani walijenga tena matanuri mbele ya watafiti, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Wataalamu wamebishana kuhusu baadhi ya madai yao, na ndivyo inavyofaa. Maarifa yakiwekwa mezani hubishaniwa, na yakibishaniwa huishi.

Kwa hivyo, mwanangu, nijibu swali lako la mwisho: tuwaite nani? Tusiwaite wachawi, kwa sababu mchawi tunayemjua katika lugha zetu ni mtu wa kudhuru, na hawa walitoa majembe. Tusiwaite wanakemia pia, ili tu tujipake mafuta. Mwanakemia ni mtu anayeandika alichofanya ili mgeni wa mbali aweze kurudia na kumkosoa, na jambo hilo wao hawakulifanya, wala Norton na Ripley hawakulifanya vizuri. Kiswahili kina neno “fundi,” na pwani neno hilo limebeba siku zote mwenye ujuzi wa mikono pamoja na mwenye ujuzi wa mambo yaliyofichika. Ukoo wa babu yako walikuwa mafundi wa siri. Zosimos alikuwa fundi wa siri. Ripley vilevile, na Newton usiku alipokuwa peke yake na tanuri lake. Neno hilo moja linawaweka wote kwenye benchi moja bila kumpendelea mtu.

Sasa nakupa kazi ya likizo. Mwendee babu kwa heshima, usimwulize kuhusu uchawi. Mwulize mchanga uliokotwa mto gani. Mwulize makaa yalikuwa ya mti gani, mivukuto ilikuwa mingapi, nani aliruhusiwa kukaribia na nani alikatazwa, na kila kifaa kiliitwaje kwa Kimbeere. Andika maneno yake kama anavyoyatamka, hata yale usiyoyaelewa. Asipotaka kujibu, andika kwamba hakutaka, maana hilo nalo ni jibu. Na akikutegea kitendawili, mpe mji wowote anaoutaka.